Mume wangu mchungaji ametoa karo ya mtoto kumsaidia mfiwa. Naombeni ushauri

MamaMahamri
Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wasio wa imani yangu, hamjambo nyote. Saa hizi ni saa nane usiku, usingizi umekataa, na unga wa mahamri ushaumuka naungojea saa kumi ifike niwashe jiko.

Mwenzenu ni mke wa mchungaji. Kanisa letu ni la mabati, huku Likoni, na washirika hawazidi arobaini hata ukihesabu watoto. Mume wangu alikuwa karani wa kuhesabu mizigo kwenye yadi ya makontena upande wa Changamwe. Miaka minne iliyopita aliacha kazi ili atumike kanisani muda wote. Sikumzuia. Nilikuwa nikimwona akitoka shifti ya usiku, hata chai hajanywa, yuko njiani kwenda kumwombea mgonjwa. Nikasema kama ni wito ni wito, mimi nitapika. Na nimepika kweli. Asubuhi mahamri na mbaazi, jioni viazi karai, karibu na stendi ya matatu. Kodi ya nyumba, 6,500 kila mwezi, inatoka kwenye karai lile. Sadaka ikiwa nzuri inaongezea, lakini mwezi huu wa tano si mzuri: mvua za masika, hoteli za Diani zimepunguza watu, na nusu ya washirika wetu riziki yao iko huko. Jumapili iliyopita zaka na sadaka pamoja zilikuwa 2,340.

Sasa jambo lenyewe. Nilikuwa nimeweka karo ya kifungua mimba wetu, yuko kidato cha pili. Shilingi 11,400. Noti za hamsini na za mia, nyingine bado zina unga wa ngano kwenye pembe. Nilizifunga kwa kitambaa nikazitia kwenye mkebe, mkebe nikausukuma uvunguni mwa kitanda. Shule ilikuwa ifunguliwe Jumatatu. Jumamosi usiku nafungua mkebe, kitambaa kipo, kimekunjwa vizuri kabisa. Pesa hakuna.

Mama mmoja wa kwaya alifiwa na mumewe. Mwili ulikuwa siku ya tisa mochari, bili inapanda kila kukicha, gari la kuupeleka Taita linasubiri, na michango imekwama. Mume wangu alimkuta amekaa chini pale nje analia. Akarudi nyumbani, akachukua. Nilipomuuliza akanishika bega akasema, "Mungu atatoa, mama. Unga wa mjane wa Sarepta haukupunguka." Na alimaanisha. Mume wangu hana hila, na hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu ningekuwa na mlevi ningejua la kusema.

Mazishi yamefanyika. Kijana wangu yuko nyumbani siku ya nne. Kila jioni anapiga pasi sare yake, anaitundika mlangoni, haulizi kitu.

Nimemkasirikia mume wangu. Nikamkasirikia na yule mjane, ambaye hana kosa lolote. Jumatano kwenye maombi nilisimama kuongoza wimbo, sauti ikakataa kutoka. Je, imani yangu imepungua? Tafadhali msiniambie niombe tu. Naomba kila siku.

Bi Mikindani
Pole sana mamangu. Mimi ningemfuata huyo mfiwa taratibu, aambiwe zile zilikuwa pesa za mtoto, alipe kidogo kidogo. Msaada si siri.

Jeshi la Sala
Dada, nitakwambia kwa upendo. Ukiolewa na mtumishi umeolewa na madhabahu pia. Kuna wake wengi wanalia waume zao hawatoi hata shilingi, wa kwako anatoa hadi cha mwisho. Daudi anasema alikuwa kijana na sasa ni mzee, hajamwona mwenye haki ameachwa wala mzao wake akiombaomba chakula. Simama kwenye neno hilo. Hasira hiyo ni mlango, adui asiutumie.

Mchungaji wa Kaloleni
Shalom mama mchungaji. Natumika mwaka wa ishirini na mbili sasa, na jambo hili nimelifanya mimi mwenyewe. Zilikuwa pesa za dawa za mama mkwe. Kwa hiyo sisemi na mumeo kutoka juu.

Irudie Sarepta, 1 Wafalme 17. Nabii Eliya hakuingia jikoni akakomba unga mwenye nyumba akiwa kisimani. Alimwomba mwenye unga. Mwenye unga akajibu kwa uchungu wake wote kwamba kimebaki cha kula yeye na mwanawe kisha wafe. Eliya akamsikiliza, akampa neno la Mungu, na yule mama akaenda akaoka mkate kwa mikono yake mwenyewe. Muujiza ulipita kwenye ndiyo ya mama yule. Katika kisa chenu, mama mwenye unga ni wewe. Umeombwa lini?

Mumeo alitoa sadaka isiyokuwa yake peke yake. Nia ilikuwa safi, nakubali, lakini chozi la mjane mmoja limehamia kwa mama mwingine, na huyu wa pili analia saa nane usiku peke yake. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Andiko hilo sisi wachungaji huwasomea washirika, ni mara chache tunajisomea.

Kwa hiyo hapana, imani yako haijapungua. Uko na haki ya kuumia. Ila usimwambie ukiwa umesimama, wala mbele ya mtoto, wala akiwa ametoka mazishini. Mtafutie saa yake.

Na wewe Bi Mikindani, nakuheshimu, lakini tafadhali mjane asiguswe. Yeye alipokea kutoka kwa kanisa. Hajui habari za mkebe.

Bi Mikindani
Nimekuelewa mchungaji. Nimeondoa neno langu.

MamaMahamri
Nimesoma hapo kwa "umeombwa lini" nikaweka simu chini, nikashindwa hata kugeuza mahamri, mafungu mawili yameungua. Jamani, angeniomba ningempa! Labda si zote. Ningempa 5,000, nikaenda shule na zilizobaki nikaombe muda. Kinachoniuma ni kwamba alijua hivyo, na bado hakuniuliza.

Jeshi la Sala, nakushukuru, najua unanitakia mema. Lakini mzao wangu sasa hivi hajaachwa na Mungu, ametumwa nyumbani na bwana fedha wa shule.

Mwana wa Kengeleni
Naomba niongeze kitu, maana huku kwetu Kisauni tumekua na habari hizi. Wahubiri wengi wakitaka kufundisha mateso ya utumishi humtaja Krapf, mmishonari Mjerumani. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, upande huu wa bara, ukivuka maji kutoka kisiwani. Hakurudi kwao wakati ule. Mwaka 1846 alipopata mwenzake, Rebmann, wakaanza kazi Rabai. Ni habari ya kweli na inatoa machozi.

Ila husimuliwa nusu. Krapf alikuwa na chama cha wamishonari cha Uingereza kilichomtuma, CMS, chenye watu na fedha nyuma yake. Hata Frere Town hapa, mwaka 1875, walipoletwa watumwa waliokombolewa, hawakuambiwa waishi kwa imani tupu. Kulikuwa na ardhi ya kulima, shule, na mafunzo ya kazi za mikono, na kengele iliyotupa jina letu la Kengeleni. Mababu zetu kadhaa walioipeleka Injili walijua pia kushika randa na msumeno. Nyuma ya mumeo kuna nani? Naona kama kuna karai moja tu.

Kwani akirudi yadi siku mbili tatu kwa wiki atakuwa ameacha wito? Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Priskila, na bado ni Paulo.

Abu Swaleh, Majengo
Dada yangu, mimi ni Muislamu, niwie radhi kuingilia. Mtume wetu (S.A.W.) aliulizwa na mtu, nimwache ngamia wangu huru nimtegemee Mungu? Akamwambia mfunge, kisha umtegemee Mungu. Na sisi hufundishwa kwamba anachotumia mtu kwa ahli wake, yaani watu wa nyumbani mwake, kina ujira mkubwa kuliko sadaka nyingine. Marehemu babangu alikuwa mkarimu mno, nyumba yetu haikukosa wageni, na mamangu akiuza dhahabu yake kimyakimya. Tulikuja kujua alipofariki, sanduku lilikuwa na karatasi za sonara tu. Mwambie mumeo mapema, usingoje sanduku.

Mweka Hazina Bamburi
Mama mchungaji, hapa tatizo naliona ni la kanisa zima, na mumeo amelibeba peke yake. Mfiwa akilia, mfuko uko wapi? Kama hakuna mfuko, mfuko ni mkebe wako. Sisi tulianza tukiwa nyumba kumi na nane. Kila nyumba shilingi 50 kwa wiki, mfuko wa huruma. Ni 900 kwa wiki, hazifiki hata 4,000 kwa mwezi, lakini mwaka ukiisha mambo ni mengine. Pesa hazikai kwa mchungaji. Zinakaa kwenye akaunti ya watu watatu, na mchungaji hana sahihi. Mwanzoni alinuna. Siku hizi mtu akimpigia usiku anasema, "nitawaambia mashemasi," na analala. Soma Matendo 6, mitume wenyewe walikabidhi habari za wajane kwa watu saba. Na Yethro, baba mkwe wa Musa, alipomwona Musa amebeba watu wote peke yake, alimwambia wazi: jambo hili ufanyalo si jema.

Lingine: sadaka ya kanisa isilale nyumbani kwenu hata usiku mmoja. Mkizoea kuchanganya, leo yako itaenda huko, kesho ya huko itakuja kwako, na siku hiyo hakuna atakayesema mumeo hana hila.

Kuhusu shule, nendeni wote wawili, uso kwa uso, na chochote mlicho nacho. Usimtume mtoto na barua.

Jeshi la Sala
Nimesoma majibu yote. Dada, nisamehe, nilikujibu haraka. Naweza kutuma 1,000 ya karo, kama hutachukia.

MamaMahamri
Wapendwa, nimekawia, kazi ilikuwa nyingi.

Sikutafuta saa, ilikuja yenyewe. Alhamisi alfajiri navuka feri kwenda Marikiti kununua nazi na mbaazi, akasema ananisindikiza. Hajawahi. Feri ilikuwa imejaa mikokoteni, tumesimama ukingoni, bado giza. Nikamuuliza tu: "Baba, Eliya alimwomba yule mama, mimi mbona hukuniomba?" Hakujibu mpaka tukashuka. Tulipopanda pale juu akasimama kando ya njia akasema, "Niliogopa utakataa, nami nilikuwa nimeshamwahidi." Kisha akasema jambo ambalo sikulijua. Kwamba kila nikirudi na mikono imebabuka mafuta anaona aibu, na akipata nafasi ya kumpa mtu kitu anajihisi tena mwanamume. Nikalia pale pale. Mpaka leo sijui kama nililia kwa hasira au kwa huruma. Nazi nilizibeba nusu, nusu akabeba yeye.

Shuleni tulienda wote. Tulikuwa na 4,000, pamoja na ile ya Jeshi la Sala, Mungu akubariki dada. Wamemruhusu kijana, zilizobaki tulipe kabla ya mtihani wa katikati ya muhula.

Yadi ameenda kuulizia. Kazi si kama zamani, tangu reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi ianze, mizigo mingine inapita tu kwenda bara. Wamempa siku mbili kwa wiki, za usiku. Hajafurahi. Jumapili alihubiri kwa sauti ndogo.

Yamebaki mawili. Bado hajakubali kuwaambia wazee wa kanisa jinsi karo ilivyokwenda, anasema watamdharau, nami sitaki kumwambia mtu nyuma yake kama alivyofanya yeye kwangu. La pili, Mweka Hazina, nyumba zetu ni kumi na tatu, na nne kati yake hata 50 kwa wiki ni shida. Je, mfuko unaanza na nyumba tisa, au tungoje msimu wa hoteli urudi?

Mweka Hazina Bamburi
Anzeni na tisa. Zile nne zilete chochote, hata kuni za kupikia msibani, ziandikwe kwenye daftari kama wengine. Na usimlazimishe kuwaeleza wazee habari ya mkebe. Mwombe tu alete hoja ya mfuko yeye mwenyewe kikaoni, atafika kwenye mkebe akiwa tayari. Kikao chenu ni lini?

MamaMahamri
Jumamosi, baada ya usafi wa kanisa. Nitapeleka mahamri.