Injini ya gari kwenye ndege ndogo: tuikatae injini, au tukatae umeme wake mbovu?

Mwanzisha mada:
Assalaam aleikum. Hoja niliyoikuta barazani Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni hii: ndege ndogo za kujiundia zenye injini za gari, Subaru au Volkswagen, zisiruhusiwe kabisa kuruka juu ya visiwa vyetu. Gari ni gari, ndege ni ndege. Mimi naipinga. Injini hizo zinaruka duniani miaka mingi. Kinachonitisha mimi ni alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini ikazalisha umeme na kuchaji betri, na zaidi namna tunavyoipima.

Injini za kawaida za ndege ndogo, Lycoming na Continental, zina magneto mbili zinazojitengenezea moto wa plagi. Umeme wote ukikatika, redio na taa vinakufa, injini inaendelea. Ndege za Caravan zinazotuvusha kwenda Pemba zina tabaini: moto ukishawaka ndani, unajiendesha. Subaru haina bahati hiyo. Koili, nozeli, pampu ya mafuta na kontroli boksi vyote vinakula umeme. Alteneta ikilegea, rubani hasikii chochote. Injini inanguruma vilevile huku betri inaliwa, mpaka inazimika. Chukua injini inayovuta ampea 15 na betri ya ampea-saa 20: hata ikiwa mpya na imejaa, ni saa moja na kidogo. Ikishachoka, gawa kwa mbili.

Fundi wa Mwanakwerekwe:
Kaka, unaifanya kazi ya kupima alteneta kama uganga. Nawasha injini, naweka mita kwenye betri, inasoma volti 14.2. Nzima hiyo. Gari ngapi zimepita mikononi mwangu hivyo hivyo.

Mwanzisha mada:
Fundi wangu, hapo hapo ndipo ninapopasemea. 14.2 bila mzigo haitwambii kitu. Alteneta yenye dayodi moja iliyoungua (dayodi ndizo zinazogeuza umeme wake wa mawimbi uwe wa betri) inaweza kukusomea volti nzuri kabisa mpaka uidai ampea. Washa kila kitu kitakachotumika angani: pampu zote, taa, redio. Peleka injini kwenye mizunguko ya safari, uiache mpaka alteneta ipate moto, maana ndani ya boneti la ndege hewa ni finyu na joto huiangusha. Hapo ndipo usome. Ikibaki 13.8 na kuendelea, sawa. Ikiteremka kuelekea 13, usiseme nzima.

Wala usikimbilie kuifungua. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya kutolea umeme ya alteneta, nyingine kwenye chanya ya betri, mzigo ukiwa umewashwa. Tofauti ikipita robo ya volti hivi, ugonjwa uko kwenye waya au viungo. Fanya vivyo hivyo upande wa ethi, kutoka bodi ya alteneta mpaka hasi ya betri. Kwetu huku chumvi ya bahari inaingia ndani ya gamba la waya: nje unang'aa, ukiuchuna unakuta shaba imegeuka kijani. Ni alteneta ngapi zimetupwa bure hapa mjini kwa waya wa ethi tu!

Baadaye geuza mita isome umeme wa mawimbi, AC. Ikionyesha nusu volti au zaidi, dayodi hizo. Mkanda na kaboni mnavijua, sina haja ya kuwafundisha.

Mkaazi wa Wete:
Wanangu, nyie mnahesabu volti, mie nahesabu bahari. Kutoka Unguja hadi Pemba ni kama kilomita 50 za maji. Mkizimikiwa katikati mtatua wapi?

Fundi wa Mwanakwerekwe:
Mama kasema kweli. Mie nakubali kupima kwa mzigo, hilo nimelichukua. Lakini kama ni hivyo, si afadhali tudai ndege zenye cheti cha mamlaka ya anga tu, basi?

Mwanzisha mada:
Cheti peke yake hakitoshi. Machi 2007 huko Speyer, Ujerumani, Diamond DA42 yenye cheti kamili ilizimikiwa injini zote mbili mara tu baada ya kuruka. Injini zake za Thielert zilitokana na dizeli ya Mercedes-Benz A-Class. Betri yake kuu ilikuwa imekwisha, ikawashwa kwa umeme wa nje. Magurudumu yalipokunjwa, mota yake ikavuta umeme, volti zikaanguka kufumba na kufumbua, kompyuta za injini zikajizima. Alteneta zilikuwepo. Betri ya kuzishika ndiyo iliyokosekana.

Kwa hiyo shikamoo mama, na sharti langu ni hili: injini inayotegemea umeme iwe na betri ya pili iliyotengwa kwa ajili yake peke yake, na taa ya onyo volti zikishuka chini ya 13. Taa ikiwaka, rubani anatua uwanja wa karibu, hamalizi safari. Asiye na hivyo asivuke bahari, nami nitakuwa wa kwanza kumpinga.

Mkaazi wa Wete:
Marahaba mwanangu. Betri hiyo ya pili nayo ataipima nani, na lini? Maana ikikaa mwaka mzima bila kuguswa, siku ya shida mtaikuta imekufa.