Mtoto ana mzio wa karanga, shule inasema "mwambie achambue". Uji unachambuliwaje?

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mwanangu anasoma darasa la tatu, shule moja ya msingi hapa Dodoma mjini. Ana mzio wa karanga. Si kwamba hazipendi! Akizila midomo inavimba, mwili unatoka vipele, anatapika na kifua kinambana. Daktari ameandika cheti, kopi nimemkabidhi mwalimu mkuu mkononi na nyingine nimempa mwalimu wa chakula. Jibu nililopewa: "Mama, mwambie achambue."

Achambue nini? Uji wa pale ni unga wa lishe, mahindi, ulezi, soya na karanga vimesagwa pamoja mashineni. Mchana maharage yakipungua, mchicha au mlenda unaungwa kwa karanga zilizotwangwa. Mtoto mdogo hapo anachambua kipi?

Nimeingia mwenyewe jikoni. Mpishi mama wa watu hana kosa, hakuna aliyemwambia lolote, cheti kimelala kwenye droo ya ofisi. Nimemuona kwa macho yangu anakoroga sufuria ya mboga yenye karanga, anaufuta upawa kwa kitambaa, kisha huohuo anauchovya kwenye maharage. Kwa watoto wengine hiyo si kitu. Kwa wangu, kile kilichobaki kwenye upawa kinaweza kumlaza hospitali. Na msiniambie zimeiva, kupika hakumfanyi mwenye mzio awe salama.

Basi wameona dawa ni mtoto asile. Wenzake wakipanga foleni na sahani, yeye anakaa chini ya mwarobaini mpaka kengele igonge. Anatoka nyumbani alfajiri, anarudi jioni. Nikasema sawa, nitampa hotpoti yake. Hotpoti ikarudishwa, eti chakula cha nyumbani kinawatia wenzake tamaa. Cha shule hawezi kula, cha kwangu haruhusiwi, ila mchango nadaiwa kamili: mahindi, maharage, hela ya kuni na ya mpishi. Elimu bila ada imeanza 2016 na chakula kimebaki kwetu wazazi, hilo silalamiki, nalipa. Nalipa mwanangu ashinde njaa?

Kwenye kikao cha wazazi ndiko nilikoumia zaidi. Niliposimama kulieleza, mzazi mmoja akasema hayo ni magonjwa ya wazungu, mtoto wa Kigogo atadhurikaje na karanga. Watu wakacheka, mwenyekiti wa kamati ya shule akacheka nao. Najua huku ni kwenye karanga, Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 kwa ajili ya hizohizo, na wengi wetu mlenda usio na karanga tunauona haujakamilika. Hayo yote hayafuti cheti cha daktari.

Na siko peke yangu. Pale pale kuna binti ana kisukari, anachoma insulini. Sukari inamiminwa kwenye sufuria nzima ya uji, na siku chakula kikichelewa hakuna anayekumbuka kwamba aliyekwisha kuchoma sindano asipokula, sukari ya mwilini inashuka na anaweza kuzimia darasani. Mama yake anashinda roho juu kama mimi.

Ninachodai wala si kikubwa. Unga wa uji usagwe bila karanga. Karanga zitwangwe zikae kwenye chombo chake, anayezitaka aongezewe kwenye sahani yake. Sukari nayo iwekwe kikombeni. Sufuria moja ndogo na upawa wake visiguse karanga kabisa, hivyo nipo tayari kuvinunua mimi. Majina ya watoto hawa apewe mpishi na kila mwalimu wa zamu, ajue na namba ya mzazi na nani atamkimbiza mtoto hospitali kifua kikibana. Linaloshindikana hapo ni lipi?

Shuleni nimegonga mwamba, sasa naandika barua kwa afisa elimu kata na afisa lishe wa halmashauri. Mliowahi kupita njia hii, ni ofisi gani ilisikiliza na mliambatanisha nini zaidi ya cheti? Na mzazi yeyote wa Dodoma mwenye mtoto wa hali hii, iwe mzio, kisukari au kingine, aje PM tuandike barua moja yenye sahihi zetu wote. Safari hii sitaki kusimama peke yangu nichekwe.