Kombe la Wendell Scott, Jacksonville 1963: hesabu zilikosewa au alinyimwa?

Gia ya Tano
Wakuu salaam. Tarehe 1 Desemba 1963, Speedway Park, Jacksonville, Florida. Duara la vumbi la nusu maili, raundi 200, daraja la juu kabisa la NASCAR, chama cha mbio za magari Marekani. Wendell Scott, mtu mweusi wa Danville, Virginia, gari analitengeneza mwenyewe na wanawe. Zimebaki raundi 25 anampita Richard Petty, ambaye gari lilishaanza kumsumbua. Anamaliza raundi zake, bendera ya mirabaraba, ile ya kufunga mbio, haipungwi. Anaendelea kuzunguka. Bendera anapungiwa Buck Baker, Mzungu, na kombe anakabidhiwa yeye. Saa kadhaa baadaye, watu wamekwishaondoka, wakubwa wanatangaza kwamba mshindi ni Scott, tena kwa raundi mbili! Pesa akapata, dola 1,000. Kombe hakulishika mpaka amefariki 1990. NASCAR waliipa familia kombe Agosti 2021.

Nauliza: kosa la hesabu au makusudi? Na kombe la miaka 58 baadaye lina thamani gani? Mimi nasema makusudi. Karibuni.

Karani Mstaafu
Mleta mada unahukumu kabla ya ushahidi. Enzi zile raundi zilihesabiwa kwa mkono. Kila gari lina karani wake na karatasi yake, anaandika kila linapopita. Duara la nusu maili gari linarudi mbele yako kila nusu dakika hivi, vumbi limetanda, magari mengine yameingia kutengenezwa. Ukikosa mstari mmoja, yote yamevurugika. Mbio za Daytona 500 za kwanza, 1959, walimtangaza Johnny Beauchamp, zikapita siku tatu wakageuza na kumpa Lee Petty, baba yake Richard. Hao wote Wazungu. Nao walibaguliwa?

Niko Virginia
Karani, huo mfano wako unakumaliza mwenyewe. 1959 walikuwa wanabishana pua ya gari na pua ya gari, ndiyo maana walihangaika mpaka na picha za filamu. Jacksonville ni RAUNDI MBILI. Maili nzima! Na Lee Petty alipopewa ushindi wake alipewa wote, mchana kweupe. Scott alipewa noti gizani. Watu wa aina yako mko kila mahali, mnatafuta karatasi pale ambapo macho yanatosha.

Mwambao
Yakhe, mie nacheka tu. Nyote mwalilia kombe la watu wazungukao kama ngamia wa kinu cha simsim. Kushoto, kushoto, kushoto, haya jua limetua. Mwaka huohuo 1963 huku kwetu mbio za Safari Rally ziliondoka na magari 84 yakarudi 7. Saba! Hayo ndiyo mashindano ya kiume.

Karani Mstaafu
Niko Virginia, "watu wa aina yangu" ni akina nani? Fafanua. Nimeandika habari za uhasibu, wewe unaleta habari za mimi ni nani. Nimefanya kazi ya vitabu vya hesabu maisha yangu yote na najua kosa linavyozaliwa bila mtu yeyote kukusudia. Sijamtetea mbaguzi hapa.

Gia ya Tano
Mwambao, ngamia wa kinu? Umeshawahi kuona duara la vumbi? Baada ya raundi hamsini lile si barabara tena, ni mashimo na matuta. Mkia wa gari unateleza kona nzima, usukani unaelekea kulia wakati gari linakata kushoto, na ubavuni kuna mtu anakusukuma kwa bampa. Petty siku ile aliharibikiwa kwa sababu ya hiyo njia. Scott alidumu kwa kuwa springi na shokapu alizipanga yeye mwenyewe kwa mikono yake, hana kiwanda nyuma yake, spea za mitumba. Gari lenyewe, Chevrolet ya 1962, lilikuwa limeshatumiwa na dereva mwingine, Ned Jarrett, kabla yake. Usiongee kitu usichokijua.

Mama Landcruiser
Magari saba ni 1968, Mwambao.

Mwambao
Ni 1963, dada. Peugeot 404 ya Nowicki na Cliff.

Mama Landcruiser
Na 1968 pia yalimaliza saba, kwa hiyo tuko sawa sote. Nimekulia Nakuru bana, Pasaka kwetu ilikuwa ni Safari, kanisa baadaye. Ila hiyo ya "mashindano ya kiume" uiweke mfukoni. Na nikuulize, hiyo Safari yako ya 1963 na miaka iliyofuata, Mwafrika gani alishinda? Nitajie mmoja. Huyo Scott angalau alishinda.

Mwambao
Joginder Singh. 1965, tena na Volvo kuukuu iliyokwisha kuendeshwa Safari na mtu mwingine. Akarudia 1974 na 1976. Kazaliwa Kericho. Au Kericho imehamia Punjab?

Mama Landcruiser
Unajua nilichouliza.

Mwambao
Najua ulichouliza, na ndicho kinachonikera. Shekhar Mehta kazaliwa Uganda, Amin akawafukuza Waasia 1972, mwaka uliofuata akashinda Safari, na jumla akazichukua tano. Ikiwa hao si wa kwetu, basi hata Scott si wa kwako, yeye ni Mmarekani, mwachie Florida yake.

Fundi Spana
Hapo sasa pamenoga, nimeagiza kahawa.

Niko Virginia
Jamani turudi. Karani, nakujibu. Scott alianza kugonga milango ya NASCAR 1952. Alivuta gari lake mpaka Winston-Salem, wakamwambia huendeshi hapa. Kajaribu kwingine, hivyohivyo. Sasa mtu aliyefukuzwa getini kwa rangi yake, siku anashinda bendera inapotea, wewe unaona ni penseli ya karani ilivunjika? Na kila mtu anajua sababu. Jukwaa la ushindi kulikuwa na mrembo wa kumbusu mshindi. Florida, 1963, mtu mweusi abusiwe na msichana wa Kizungu mbele ya umati ule? Kungewaka moto.

Karani Mstaafu
"Kila mtu anajua" si ushahidi. Habari ya busu inasimuliwa na wengi, Scott mwenyewe aliiamini na familia yake pia, siwabezi. Lakini leseni ya NASCAR alipewa na nani baadaye? Na msimamizi mmoja Mzungu kule Richmond, bila kuomba ruhusa kwa wakubwa. Watu si kitu kimoja. Unataka niamini kwamba makarani wote, waamuzi wote, mpunga bendera, walikaa kikao katikati ya mbio?

Fundi Spana
Kikao cha nini kiongozi? Anatosha mmoja mwenye bendera. Wengine wanatazama pembeni.

Gia ya Tano
Fundi umesema kitu. Karani, kama hesabu ilikuwa mbovu kiasi hicho, ilinyookaje usiku uleule mara tu watu walipoondoka? Penseli ilipona saa ngapi?

Karani Mstaafu
Ilinyooka kwa kuwa Scott alikata rufaa na karatasi zikakaguliwa. Ndivyo ukaguzi unavyofanya kazi! Mngesema nini kama wasingekagua? Na hiyo kejeli ya penseli imetosha. Nimeshaitwa mtetezi wa wabaguzi na mtoto ambaye 1963 hata baba yake pengine hajazaliwa.

Mama Landcruiser
Baba yake aachwe nje ya hili tafadhali.

Niko Virginia
Baba yangu alizaliwa 1961, kama inasaidia.

Mwambao
Hesabu ngumu mwazijua nyie? Safari ya 1973 Mehta na Harry Källström, wote na Datsun, baada ya siku na usiku wa tope, wakalingana pointi. Walilingana! Kanuni ikatazamwa, kombe likaenda kwa Mehta, hapana aliyengoja miaka hamsini na nane.

Gia ya Tano
Ahsante Mwambao, umenisaidia bila kutaka. Kanuni ikatazamwa, kombe likatolewa. Ndicho ninachosema tangu mwanzo. Jacksonville kanuni ilitazamwa, ushindi ukaandikwa jina la Scott, sasa kombe lilishindikana nini?

Mwambao
Sikukusaidia. Nasema Safari ni bora.

Mzee wa Kongowea
Mimi nakumbuka kitu kimoja tu, siku ile zilikuwa zimebaki siku kumi na moja bendera yetu ipande Nairobi. Na Kennedy ndiyo kwanza amezikwa. Sisi tulikuwa tunaamini dunia inafunguka kila upande kwa pamoja. Bado habari za huyo bwana Scott sikuzisikia mpaka uzeeni.

Fundi Spana
Shikamoo mzee.

Dereva wa Usiku
Nimechelewa kuingia. Suala la 2021 hamjaligusa. Kombe lilikabidhiwa Daytona tarehe 28 Agosti, kesho yake Scott angetimiza miaka 100. Mnaona walivyopanga vizuri? Tayari 2015 walishamwingiza kwenye Ukumbi wa Heshima wa NASCAR, yaani heshima ilitangulia miaka sita, kombe likaja baadaye. Mimi naona ilikuwa biashara tu. Mwaka mmoja kabla walikuwa wamepiga marufuku viwanjani bendera ya Confederate, ile ya majimbo ya kusini yaliyopigania utumwa, wanatafuta mashabiki wapya.

Niko Virginia
Biashara au si biashara, wanawe waliokuwa wakifunga matairi pale walikuwa hai kulipokea. Mwezi mmoja baadaye tu dereva Bubba Wallace akashinda mbio za Talladega, mweusi wa kwanza tangu Scott katika daraja hilo.

Dereva wa Usiku
Bubba alishinda kwa mvua. Mbio zilikatizwa raundi 117 kati ya 188.

Niko Virginia
Na mvua ilipoanza nani alikuwa mbele? Au mvua nayo ilimpendelea? Kila akishinda mweusi lazima itafutwe sababu: vumbi, mvua, penseli.

Karani Mstaafu
Penseli tena. Haya, na mimi niwaulize, maana mnamkaba karani asiye na jina siku nzima. Buck Baker alikuwa dereva mzoefu, bingwa wa 1956 na 1957. Alijua yuko raundi ya ngapi. Alipotangaziwa kwamba hakushinda, kwa nini hakurudisha kombe? Mbona yeye hamumgusi?

Fundi Spana
Kwa sababu alishakuwa nalo garini, mkuu. Wewe ungerudi?

Karani Mstaafu
Ningerudi.

Mama Landcruiser
Usiku huohuo?