MREJESHO: Yule niliyeogopa kusahau Sala ya Kutubu kwenye kitubio

Ndugu zangu, mtanikumbuka. Niliuliza nifanye nini ikiwa nitasahau Sala ya Kutubu, ile ya kumwomba Mungu msamaha wakati wa kuungama, mbele ya padre, maana nilikuwa sijaungama miaka 6 na kila nikiifikiria foleni ya kitubio mikono inatoka jasho.

Jumamosi nimekwenda, hapa hapa Bagamoyo, kwenye misheni ya zamani waliyoanzisha Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Nilipita ile njia ya miembe nikiirudia sala kimoyomoyo. Karatasi yenye sala hiyo, mliyonishauri niandike, nilikuwa nayo mfukoni.

Nikapiga magoti, nikamwambia tangu mwanzo: "Padre, nina hofu, naogopa nitasahau sala." Akanijibu taratibu, "Usijali mwanangu, tutakwenda pamoja." Nikaungama yote, hata lile zito. Ilipofika zamu ya sala nikaanza, "Mungu wangu, nimetubu sana..." halafu kimya. Yote ilifutika! Karatasi hata sikuikumbuka. Padre akaniambia nimwombe Mungu msamaha kwa maneno yangu mwenyewe, kwamba kinachotakiwa ni majuto ya kweli na nia ya kuacha dhambi. Nikasema machache, nikilia. Akaniondolea dhambi, akanipa malipizi, yaani tendo la kufidia dhambi, nikayatimiza pale pale kanisani kabla sijatoka.

Aliyeniandikia "mwambie padre mapema kwamba unaogopa", Mungu akubariki sana. Ni hilo lililonisaidia kuliko karatasi.

Jumapili nimekomunika. Mama alikuwa pembeni yangu, akanishika mkono.