Nitajuaje mbegu ya maharage ni ya kutambaa kabla sijaipanda? Niko Mwanza

MamaMawe:
Wakuu habari za jioni. Naishi mlimani upande wa Igogo, kule ambako nyumba na mawe vinagombania nafasi. Bustani yangu ni hatua sita kwa nne nyuma ya jiko, kwingine kote ni jabali. Chini hakuna pa kulima, nikaona nilime kwenda juu: maharage yale yanayopanda kwenye fito.

Mwaka jana nilinunua nusu kilo sokoni, muuzaji akaapa kabisa kwamba yanatambaa. Nikatafuta fito ishirini za mita mbili na ushee, nikazipandisha huku kwa bodaboda (yule kijana hajanisahau mpaka leo). Maharage yakaota vizuri, yakafika magotini, yakatoa maua, yakazaa, yakamaliza. Fito zikabaki zimesimama kama nguzo za umeme za mradi uliokwama. Majirani wananiuliza najenga nini.

Mbegu ya kutambaa kweli naipata wapi, na nitaijuaje? Nataka mengine nile mabichi, mengine nikaushe.

Kibua Mkavu:
Naweka kambi hapa nisubiri wajuzi. Ila mama, hizo fito usizichome, anikia hata nguo.

Mjukuu wa Karagwe:
Pole sana dada yangu. Ulichouziwa kilikuwa chakula, si mbegu. Maharage ya sokoni yanatoka kwenye magunia ya watu kumi, yanachanganywa njiani, na muuzaji mwenyewe hajawahi kuyaona yakiwa shambani. Akikujibu "ndiyo, yanatambaa" wala hadanganyi sana, anakuuzia tu.

Punje huwezi kuisoma. Nyekundu ya kichaka, yaani fupi isiyotambaa, ipo na nyekundu ya kutambaa ipo, hivyo hivyo za njano na za madoadoa. Anayejua ni aliyeyalima. Kwa hiyo usiulize kama yanatambaa, uliza yalivunwaje. Ya kichaka hukomaa karibu kwa pamoja, watu huyang'oa na mashina yake wakayapiga kwa fimbo. Ya kutambaa hukomaa kidogo kidogo kuanzia chini, unachuma leo, wiki ijayo unarudi. Mtu akikwambia "tuling'oa tukapiga", mshukuru uende zako. Akianza kulalamika jinsi fito zilivyomsumbua, huyo ndiye mwenye mbegu yako.

Huku Mwanza mtafute mtu mwenye ndugu Karagwe au Ngara, ambako watu huyasimikia miti. Robo kilo ikija na basi, au na meli ya Bukoba, inatosha kabisa kwa bustani yako. Lakini usimtume mtu akuletee mfukoni kutoka Rwanda. Kule kwenye milima yao haya maharage ni ya kila siku, ila mbegu kuvuka mpaka inataka cheti cha afya ya mimea, na ugonjwa husafiri ndani ya punje.

MamaMawe:
"Fito zilivyomsumbua" nimecheka peke yangu. Basi hata mimi ningeonekana nina mbegu.

Shamba Mstaafu:
Mjukuu amesema vizuri, naongeza upande wa dukani. Aina nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo ni za kichaka: Lyamungo 90 ni kichaka, Jesca ni kichaka. Pakiti isiposema wazi kwamba inatambaa, hesabu ni kichaka. Na ikiwa ni mbegu iliyothibitishwa iwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu. Unakwangua namba, unaihakiki kwa simu. Mbegu iliyopakwa dawa ya rangi usiipike hata ikibaki kidogo.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru kiko hapo Misungwi, lakini kazi yao kubwa ni pamba, mihogo na viazi vitamu. Utafiti wa maharage uko zaidi kwenye vituo vya Uyole (Mbeya) na Selian (Arusha). Kwa ukanda wetu wa ziwa, swali lako lipeleke kituo cha Maruku, Bukoba.

Halafu kuna jambo wengi hawalisemi. Maharage ya kutambaa ni watu wa baridi. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, vilima vya Karagwe vinapita mita 1,500. Joto la mchana likizidi nyuzi 30 wakati wa maua, maua yanadondoka, na hayo mawe yako yanarudisha joto jioni kama chuma cha pasi. Upande wowote unaopata kivuli cha mchana, panda huko. Pia yanachelewa kuliko ya kichaka, kwa hiyo mimi ningepanda mvua za Machi zinapoanza, si vuli.

Ng'wana Luseni:
Mwangaluka wote. Kwa nini mnamtesa mama? Joto lote hilo, apande ngwara, ndugu yake maharage. Inatambaa, inavumilia ukame, inazaa kwa muda mrefu. Udongo wa kule mlimani ni luseni tupu, mchanga mchanga.

Shamba Mstaafu:
Ngwara ni nzuri, sikatai. Lakini kaomba maharage.

Ng'wana Luseni:
Sawa mzee. Mimi nimesema tu.

MamaMawe:
Nitaweka ngwara kwenye fito mbili kwa heshima ya Ng'wana Luseni. Swali lingine: nina nyavu kuukuu za sangara, zinafaa badala ya fito zilizovunjika?

Mvuvi wa Kayenze:
Zinafaa, mimi natumia. Ifunge juu na chini, ikaze, ikilegea upepo wa ziwa utaicheza na kung'oa miche. Fito au wavu, vyote viwekwe kabla ya kupanda, ukichimba baadaye unakata mizizi. Punje tatu kila fito, kina cha vidole viwili. Na ukiusaidia mche kupanda, uzungushe kinyume na mshale wa saa ukitazama kutoka juu, ndivyo wenyewe unavyokwenda. Mke wangu alizungusha yote upande mwingine, asubuhi tukakuta yamejifungua. Aliniambia ni mimi niliyeyafungua.

Shamba Mstaafu:
Na samadi usizidishe. Maharage yanajitengenezea naitrojeni kwenye mizizi, ukiyalisha mno utapata majani mpaka kwenye bati na maganda manne.

MamaMawe (mrejesho):
Nimerudi wakuu. Mama mmoja tunayesali naye, mzaliwa wa Ngara, nilimuuliza walivunaje kwao. Kabla sijamaliza akaanza kuilaani miti ya kusimikia. Amenipa vikombe viwili, za zambarau na za krimu zimechanganyika. Nimechambua zilizobunguliwa na zenye madoa, nikalaza punje kumi kwenye kitambaa chenye unyevu. Siku ya tano zimeota tisa. Nusu napanda Machi, nusu nimezifungia kwenye chupa kavu na majivu, nisije nikaharibu zote. Na nitakayovuna nitaanza kuweka mbegu kutoka kwenye shina litakalopanda juu kuliko mengine.

Kibua Mkavu:
Kwa hiyo nguo nianue?