Matroni ananibakiza kila zamu ikiisha, naombeni ushauri

Sista_Pasua: Habari za humu wakuu. Ni muuguzi hospitali binafsi hapa Moshi. Rosta inasema naingia saa moja na nusu asubuhi, natoka saa nane mchana. Tangu wenzetu wawili waondoke, kila ikifika saa nane naambiwa "baki, hamna mtu". Wiki jana nimetoka saa tatu usiku mara nne na hela ya ziada sijaiona. Anaruhusiwa kunilazimisha? Sasa nimeandikiwa barua ya kujieleza.

Mangi_Mstaafu: Pole binti. Mimi nimeendesha basi la Dar miaka kumi na mbili, nikilala saa mbili tu pale Same. Vijana mnachoka mapema.

Karani_Msumbufu: Mzee, basi na wodi wapi na wapi? Dada, soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 19. Kawaida ni saa 45 kwa wiki, 9 kwa siku. Za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 ndani ya wiki nne, na siku nzima isivuke saa 12. Malipo ni mara moja na nusu. Wewe umepigishwa 13 na nusu! Dharura tu ndiyo ina mlango wake. Ila kubaki si kosa, hiyo barua ni ya nini?

Sista_Pasua: Hiyo tuiache, mimi nauliza overtaimu.

Mama_Wawili: Uuguzi ni wito mdogo wangu.

Chalii_wa_Ngarenaro: Wito unalipa kodi ya nyumba?

Karani_Msumbufu: Barua, dada.

Sista_Pasua: Haya. Jumamosi saa nane niliondoka. Wa kumkabidhi ripoti hakuwepo, nikamwachia mwanafunzi wa fildi. Nilimwonyesha dripu mbili na mama wa kitanda cha sita aliyetoka tiyeta asubuhi. Muda wangu uliisha, sioni kosa. Na barua ya kuacha kazi nimeshaandika.

Mama_Wawili: Mtu wa upasuaji na mwanafunzi? Yesu wangu.

Chalii_wa_Ngarenaro: Chai hii wakuu. Akaunti imefunguliwa jana, halafu matroni gani anakuwepo Jumamosi?

Mangi_Mstaafu: Leteni na vitumbua.

Sista_Pasua: Alipiga simu ya wodini. Akaunti yangu ya zamani wenzangu wanaijua. Miguu imevimba, yeboyebo haziingii, nyie mnaita chai.

Karani_Msumbufu: Chai au maji, ya kwangu ni haya. Saa za ziada unadai, kuacha wagonjwa bila kukabidhi unajibu, usichanganye. Piga picha rosta na daftari la mahudhurio. Madai ya malipo yapeleke CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 60. Na hiyo barua ya kuacha kazi usiitoe kwanza.

Sista_Pasua: Niliisukuma chini ya mlango wa ofisi alfajiri. Matroni anaingia saa mbili.

Mangi_Mstaafu: Sasa hivi ni saa moja na dakika arobaini. Panda boda, binti.