Msaada: nataka simu ya mezani ya ofisi (022) na simu za vijana wa bandarini ziwe kitu kimoja

Mwana Gerezani

Habari za jioni wakuu.

Nina ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa mjini, tuko watu wanane. Ofisini anakaa dada wa mapokezi, na mimi nikiwapo. Waliobaki kutwa wako bandarini au bandari kavu. Simu ya mezani ameiacha marehemu mzee. Namba yake iko kwenye mihuri, kwenye barua, kwenye bango la mlangoni, na wateja wa Lusaka na Lubumbashi wanaijua kwa kichwa. Vijana kila mmoja anatumia laini yake, mimi nawawekea bando.

Yaliyonikuta ni haya. Ijumaa moja saa saba mchana dada kaenda benki, mimi niko msikitini. Mteja kapiga mezani mara nne kusema uzito kwenye bili ya shehena umekosewa. Hakuna wa kupokea. Tumekuja kujua Jumatatu, kontena la futi 40 limekaa siku zaidi, na tozo ya hifadhi nimeilipa mimi. Sikuwa na uso wa kumdai mteja aliyehangaika kutupigia.

La pili linauma zaidi. Kijana aliyekuwa anashughulikia magari ameacha kazi, na wateja wa magari walikuwa na namba yake tu. Kaondoka na laini, kaondoka na wateja. Siwezi kumlaumu, laini ni yake na imesajiliwa kwa alama za vidole vyake.

Naombeni ushauri: inawezekana mteja apige 022, isipopokewa iruke kwa kijana aliye getini? Na kijana akipiga, mteja aione namba ya ofisi? Mfuko si mkubwa.

Fundi Nyaya

Pole sana mkuu. Maswali yako ni mawili na majibu yake hayafanani.

La kwanza ni rahisi, hata kesho linafanyika. Waombe wanaokupa simu ya mezani wakufungulie huduma ya kuhamisha simu. Ila usihamishe zote, utamfanya dada akae bila kazi. Omba ihamie pale tu isipopokewa au ikiwa inatumika. Kwenye simu za mkononi kazi hiyo unaifanya mwenyewe: *61* ni kwa isiyopokewa, *67* kwa inayotumika, *62* kwa iliyozimwa au isiyo na mtandao. Unaandika namba ya kupelekea, unamalizia na #. Ukitaka kufuta zote ni ##002#. Mezani fuata watakachokuambia wao.

Jua mambo mawili. Mpigaji analipia mpaka kwako, ile safari ya pili kutoka ofisini hadi kwa kijana unalipa wewe. Na inahamia kwenye simu moja tu; kijana huyo akiwa ndani ya lifti, mmerudi palepale.

Swali la pili linataka swichibodi, yaani mtambo wa kugawa simu za ofisi. Siku hizi si lile kabati la nyaya, ni kompyuta ndogo inayotumia intaneti, na kuna programu za bure kama Asterisk. Namba ya 022 inaingia humo, kila kijana anawekewa programu kwenye simu yake na anakuwa ekstensheni, yaani tawi la simu ya ofisi. Mteja akipiga, simu tatu zinalia pamoja, wa kwanza kupokea ndiye. Kijana akipiga kupitia programu hiyo, inatoka 022. Simu moja inakula kama kilobiti 100 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo bando la kawaida linatosha. Shida ni mtandao wa pale getini ukizidiwa na watu, sauti inakatikakatika. Ndiyo maana nashauri ibaki njia ya akiba: programu isipopatikana, swichibodi ipige laini yake ya kawaida.

Mzee wa 051

Fundi kasema vizuri, ila kuna jambo la umeme. Sisi tuliotumia simu tangu msimbo wa Dar ukiwa 051, kabla ya 022, tulizoea umeme ukatike, simu iendelee kulia. Ilikuwa inapata umeme wake kutoka kituo cha simu kupitia waya wa shaba. Ukishahamia faiba na swichibodi, hiyo haipo. Ruta ikizima, namba imezima. Nunua UPS (betri ya akiba) ya ruta na swichibodi kabla hujanunua simu mpya za mezani za kupendeza.

Dada Mapokezi

Kaka, mimi nafanya kazi ya huyo dada yako, kwenye maabara huku Upanga. Kilichotuokoa ni WhatsApp Business kwa namba ya mezani. Inakubali. Pale inapotaka kutuma msimbo kwa ujumbe, unachagua kupigiwa. Nilikaa na kalamu, simu ya mezani ikalia, sauti ikasoma tarakimu sita. Kama una ile sauti ya "bonyeza moja kwa mauzo," izime kwanza kwa dakika chache, maana mashine inaongea na mashine na msimbo unapotea.

Simu moja ya ofisi ndiyo kuu, unaweza kuunganisha vifaa vinne zaidi. Anayeacha kazi tunamtoa kwenye orodha jioni hiyohiyo, mazungumzo ya wateja yanabaki kwetu.

Kurasini 2

Mkuu, hilo la kijana wa magari halitibiwi na swichibodi. Sajili laini za kazi kwa jina la kampuni: unapeleka hati za usajili na TIN, na uliyemwidhinisha kwa barua ndiye anaweka alama za vidole. Akiondoka, anaacha laini mezani. Na mtandao ukikuchosha, tangu Machi 2017 unahama na namba yako ya mkononi.

Ukishauriwa kile kisanduku cha kuchomekea laini nyingi kwenye swichibodi, kitumie kwa simu zako tu. Asije mtu akakulipa upitishie humo simu za kutoka nje ya nchi. Hilo ni kosa, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanalifuatilia, na laini zina jina la kampuni yako.

Ukitaka kurekodi simu, mpigaji aambiwe mwanzoni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Mwana Gerezani

Mungu awabariki wakuu. Huduma ya kuhamisha nimefunguliwa juzi. Leo asubuhi nimesimama getini na kijana, nikaazima simu ya dereva wa lori, nikapiga 022 na dada nimemwambia asipokee. Ikaita mara tano, ikawa kimya kidogo, halafu simu ikalia kwenye mfuko wa kijana. Lakini kwenye kioo imetokea namba ya ofisi, si ya dereva. Atajuaje ni mteja gani?

Fundi Nyaya

Hiyo inategemea njia simu ilikopita. Waulize waliokufungulia kama wanaweza kupitisha namba ya mpigaji. Ukiweka swichibodi unaweza kuipanga hivyo, mtoa huduma akiruhusu. Kwa sasa mwambie kijana aanze na jina la kampuni, kisha aulize jina na namba ya kontena, aandike.

Mwana Gerezani

Sawa mkuu. Kesho dada anakwenda na barua kusajili laini mbili za kampuni, ya magari na ya makontena. Hiyo ya magari naikabidhi Jumatatu.